Waajiri Wakiungana: Je, Watafuta Mikono au Mafundi?

 Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya jambo liingialo katika nyumba nyingi za wilaya za Handeni na Korogwe, nalo ni habari ya waajiri wanapofanya shirika ili kutafuta watu wa kazi na kuwafundisha.

Mara kwa mara hufika habari kijijini kwamba watu wanatakiwa: mashamba ya mkonge yataka wakataji, au barabara yachongwa, au kiwanda chafunguliwa. Kijana hufunga nguo zake, na mzazi humwuliza swali moja tu, "Watalipa shilingi ngapi?" Swali hilo ni jema, wala hatulidharau. Lakini sisi tufundishao, tuonao watoto wakitoka mikononi mwetu na kuingia katika ulimwengu, twaona liko swali la pili ambalo husahauliwa: "Siku kazi hiyo itakapokwisha, mwanangu atarudi na nini ambacho hakuwa nacho alipoondoka?" Maneno yetu yote ya leo yamo katika swali hilo.

Kwanza na tueleze kwa nini waajiri huungana. Chukueni mfano wa mtu mwenye karakana ndogo ya kutengeneza magari. Yuataka fundi. Akimchukua kijana asiyejua kitu na kumfundisha miaka miwili, atapoteza wakati, na vyuma vitaharibika mikononi mwa mwanafunzi, na siku kijana atakapokwiva, mwenye karakana ya pili atamwita kwa kumwongezea shilingi chache. Aliyefundisha amepata hasara, na asiyefundisha amepata fundi bure. Mwenye karakana akiisha kuona hayo mara moja, hafundishi tena. Naye jirani yake hafundishi. Na mwisho wake mji mzima hauna mafundi, na kila mwajiri analalamika.

Dawa yake ni shirika. Waajiri wote wa mahali pamoja wakitoa fedha kwa pamoja, wakapatana mambo ya kufundishwa, wakafungua milango ya karakana zao kwa wanafunzi, basi hata kijana akihama kutoka kwa huyu kwenda kwa yule, hapana aliyeibiwa. Ni kama kisima cha kijiji: ikiwa mtu mmoja amekichimba peke yake, atakiwekea kufuli, lakini wakichimba wote, wote huteka.

Walakini si kila umoja wa waajiri ni wa kufundisha. Waweza kuungana pia ili kupata watu wengi kwa ujira mdogo, pasipo mmoja kumpandishia mwenzake bei. Umoja ni kama panga: laweza kufyeka shamba, na laweza kumkata mwenye kulishika. Nasi hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano, maana nchi yetu ya Tanga imeyaona mambo hayo kwa macho yake, katika kazi ya mkonge.

Mkonge si mmea wa asili wa hapa. Uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani aitwaye Richard Hindorf. Miche elfu moja ilitumwa kutoka Florida, huko Marekani, na iliyofika hai pwani ya Tanga ilikuwa 62 tu. Katika miche hiyo michache yalitoka mashamba makubwa yaliyofunika nchi. Reli iliyoanzia Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, na mashamba yakaifuata reli kama nyuki wafuatavyo maua. Wakati wa Waingereza Tanganyika ikawa nchi iliyozidi nchi zote za dunia kwa kutoa singa za mkonge, na watu waliofanya kazi mashambani walizidi 100,000.

Watu hao walitoka wapi? Hapa pana jambo la kutazamwa sana. Wenyeji wa karibu, Wazigua, Wasambaa na Wabondei, wengi hawakupenda kujifunga kwa mkataba mrefu. Walikuwa na mashamba yao ya mahindi na mihogo. Wengine walikwenda kufanya kibarua cha siku chache walipotaka fedha ya kodi au ya nguo, kisha wakarudi kwao. Na wengine waliona ni faida zaidi kuwauzia chakula watu wa mashambani. Mtu mwenye shamba lake na chakula chake aweza kusema "sitaki". Naye awezaye kusema "sitaki" husikilizwa anaposema "nataka". Kwa hiyo wenye mashamba wakatazama mbali, kwenye nchi ambazo reli haikufika, wala hapakuwa na njia nyingine ya kupata fedha ya kodi: Songea, Njombe, Kigoma, hata ng'ambo ya mipaka, Ruanda-Urundi na Msumbiji.

Mwanzoni kila mwenye shamba alituma mawakala wake, nao wakagombea watu. Hata mwaka 1944 chama cha wakulima wa mkonge wa Tanganyika kikaanzisha ofisi moja ya kuwatafutia wote wafanya kazi, nayo ikaitwa SILABU. Huo ulikuwa umoja mkubwa wa waajiri katika habari za kazi za nchi yetu. SILABU ilikuwa na vituo katika majimbo ya mbali. Mtu alipimwa na daktari, akaandikishwa, akapewa namba, akapakiwa katika lori au gari moshi, akalishwa njiani, mpaka akafika shambani. Kwa sababu ya namba ile watu hao wakaitwa manamba, na jina hilo wazee wetu walijua mpaka leo.

Tuseme kweli yote: umoja ule ulikuwa na mema yake. Safari yenye vituo na chakula ni bora kuliko kutembea majuma mengi porini, na mkataba ulioandikwa ni bora kuliko ahadi ya wakala mwongo. Lakini shabaha yake ilikuwa nini? Shabaha ilikuwa hesabu ya watu. Shamba liliagiza watu kadha wa kadha, nao wakaletwa.

Na kazi yenyewe ilihesabiwa kwa kipande. Kipande kilikuwa karatasi yenye nafasi za siku thelathini. Kila siku mtu alipomaliza sehemu yake ya kazi, alitiwa alama. Asipoimaliza, siku ile haikuhesabiwa. Na zilipotimia siku thelathini ndipo alipolipwa mshahara. Karatasi ile ilieleza siku alizofanya, na haikueleza anachokijua.

Wala msidhani kwamba mkataji wa mkonge hakujua kitu. Kukata mkonge ni maarifa. Lazima ajue majani yapi yamekomaa na yapi yaachwe, maana akikata kupita kiasi mmea hudhoofika, na akiacha mengi hasara ni ya shamba. Hukata karibu na shina bila ya kulijeruhi, huondoa mwiba wa ncha, huyafunga majani thelathini thelathini, huyapanga mahali pa kuhesabiwa. Majani hayo hayana budi kufika korona upesi kabla ya kukauka. Huko mashine huyaponda na kuzitenga singa. Nazo huoshwa, huanikwa, hupigwa brashi, kisha hufungwa robota. Katika uzito wa jani zima singa ni kama sehemu nne au tano tu katika mia. Yaliyobaki ni maji na makapi. Basi kosa dogo la mkono mmoja ni hasara kubwa mwisho wa njia. Mambo hayo yote mkataji aliyajifunza kwa kutazama wenzake na kwa kukaripiwa na mnyapara. Aliyajua, lakini hapana aliyempa cheti cha kuyashuhudia.

Yalikuwako mafundisho ya namna nyingine. Katika miaka ya 1890 serikali ya Wajerumani ilifungua shule mjini Tanga kwa sababu yenyewe, ikiwa mwajiri, ilihitaji makarani na mafundi. Wanafunzi wengine walijifunza kupiga chapa, hata gazeti la Kiswahili lililoitwa Kiongozi likachapishwa hapo. Shule ile ilifunguliwa kwa haja za watawala. Lakini aliyejifunza kusoma au kupanga herufi za chapa alibaki na ujuzi wake, mtawala awepo asiwepo. Na katika miaka ya 1930 kilianzishwa kituo cha Mlingano, karibu na Ngomeni, kuchunguza mkonge: udongo wake, magonjwa yake na mbegu zake. Wenye mashamba walijua kwamba kuuchunguza mmea kwahitaji fedha za wengi pamoja. Basi mmea ulipata mahali pa kusomewa. Mafundi wa korona, madereva na makarani wachache walifundishwa kazi zao. Lakini wakataji, ambao ndio waliokuwa wengi, walibaki na kipande.

Kisha nyakati zikageuka. Mwaka 1964 nchi yetu ilitoa zaidi ya tani 200,000 za singa. Baada ya hapo kamba za nailoni na za plastiki zikaingia sokoni, bei ya mkonge ikaanguka. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, mashamba mengi yakawa mali ya taifa. Mengine hayakupandwa tena ipasavyo, na mitambo ikachakaa. Katika miaka ya 1990 mavuno hayakufika hata tani 40,000 kwa mwaka. Fikirini maana yake kwa watu. Fundi aliyejua kutengeneza injini aliweza kwenda kwenye kiwanda kingine, au kufungua karakana yake. Dereva aliweza kuendesha gari lingine. Lakini mtu aliyekata mkonge miaka ishirini, akiwa mbali na kwao, hakuwa na kitu cha kumwonyesha mwajiri mwingine ila makovu ya mikono. Wengi walibaki katika kambi zile, wakalima vipande vya ardhi, na watoto wao ni jirani zetu wa leo. Hiyo ndiyo bei ya kusahau swali la pili.

Sasa tutazame siku hizi. Mkonge umeanza tena kuthaminiwa, maana watu wa dunia wameanza kuchoka na plastiki isiyooza. Mwaka 1999 kampuni ya Katani ilianza kuwagawia wakulima wadogo sehemu za mashamba wapande mkonge wao wenyewe, na kampuni iyasindike majani yao. Ndivyo ilivyofanyika Hale, Mwelya, Magunga, Magoma na Ngombezi, yote katika Korogwe. Hapo mkataji wa jana akaanza kuwa mkulima, na ujuzi wa kupanda na kupalilia na kukata kwa wakati ukawa mali yake, kwa kuwa shamba asiloliangalia humpa hasara yeye mwenyewe. Mpango huo umekuwa na shida zake, hasa juu ya hesabu na malipo, na umebadilishwa tangu hapo. Lakini umetufundisha jambo moja: mtu hujifunza kwa bidii kitu ambacho faida yake itamfikia.

Tena kuna sheria. Mwaka 1994 ilitungwa sheria ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi, nayo ikaunda mamlaka iitwayo VETA. Bodi yake imewekewa nafasi za waajiri na za wafanya kazi pamoja na serikali. Waajiri hutoa kodi ya kuendeleza ujuzi, ihesabiwayo juu ya mishahara wanayolipa. Zamani ilikuwa sita katika mia. Imepunguzwa mara kwa mara, na tangu Julai 2023 ni tatu na nusu katika mia kwa Tanzania Bara, kwa mwajiri mwenye watu kumi au zaidi. Hiki ndicho kile kisima cha pamoja tulichokisema: kila mwajiri mkubwa hutoa, awe amefundisha au hakufundisha, na sehemu ya fedha hizo huenda kwenye mafunzo ya ufundi.

Lakini sisi wa nchi ya mashamba tusome sheria hiyo mpaka mwisho. Mwenye shamba halipi kodi hiyo kwa ajili ya watu wafanyao kazi ya kulima tu. Kwa watu wa ofisini na wa kusindika mazao hulipa. Kwa mkulima wa jembe na panga halipi. Kusudi lake ni kuupunguzia ukulima mzigo, nasi hatulaumu. Ila lituzindue: mkataji, ambaye zamani hakupata cheti, hata leo hachangiwi katika kisima kile. Yatupasa basi tumtafutie njia nyingine ya kumfikisha penye maji.

Njia iko, nayo huitwa uanagenzi. Mwanagenzi ni mtu ajifunzaye kazi mahali pa kazi, huku akipewa masomo chuoni, kwa mapatano yaliyoandikwa. Wajerumani wameitumia njia hiyo kwa muda mrefu: kijana hukaa siku tatu au nne za juma katika karakana, na siku nyingine darasani, mwajiri humlipa posho, na mtihani wake hutungwa kwa shauri la vyama vya waajiri na wafanya kazi, ili cheti kikubaliwe nchi nzima. Hapa kwetu serikali ilitoa mwongozo wa uanagenzi mwaka 2017, nayo imekuwa ikilipia mafunzo ya vijana wengi kwa njia hiyo. Tena VETA huwapima watu waliojifunza ufundi mitaani na makazini bila ya kuingia chuoni, na afauluye hupewa cheti. Mwashi aliyejenga nyumba miaka kumi hana haja ya kuanza upya kama mtoto, aende akapimwe. Na karibu nasi kipo Chuo cha Maendeleo ya Wananchi cha Handeni, na mjini Tanga kipo chuo cha VETA.

Wala haja ya jambo hili si ya mkonge peke yake. Bomba la mafuta litokalo Hoima, Uganda, mpaka Chongoleani, Tanga, safari ya kilometa 1,443, hupita katika wilaya za Handeni na Korogwe. Ujenzi kama huo huita watu wengi, wachomeleaji, madereva, wapishi na walinzi. Lakini bomba likiisha kufukiwa, wachache sana ndio hubaki kulitunza. Kijana aliyechimba mtaro ataondoka na fedha yake, nayo itakwisha. Kijana aliyejifunza kuchomelea ataondoka na fedha na ufundi, na ufundi hauishi kwa kutumiwa.

Basi, ndugu, mkisikia kwamba waajiri wameungana na wanataka vijana, msikimbie, wala msikimbilie. Kaeni nao katika mkutano wa kijiji, mkawaulize kwa adabu maswali haya matano.

La kwanza: mapatano yameandikwa? Sheria ya ajira ya mwaka 2004 yamtaka mwajiri ampe mfanya kazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi: kazi gani, mahali gani, saa ngapi na ujira gani. Asiyejua kusoma asomewe na mtu amwaminiye, si na mwandikishaji.

La pili: kijana atafundishwa nini hasa, na nani, kwa muda gani? Neno "mafunzo" peke yake halitoshi. Kufagia karakana miaka miwili si kujifunza ufundi.

La tatu: mwisho wake kuna mtihani na cheti kitakachokubaliwa na mwajiri mwingine? Cheti cha kukubaliwa na shamba moja tu ni ndugu yake kipande.

La nne: wakati wa kujifunza atakula nini na kulala wapi, na akiumia nani atamtibu?

La tano: baada ya kufuzu, waajiri hawa wameahidi kuchukua wangapi? Shirika lifundishalo mafundi mia pasipo kazi ya kumi limewapotezea vijana wakati.

Nasi tunalo neno kwa waajiri pia. Mwafahamu hasara ya mkono usiofundishwa: majani yaliyokatwa vibaya, mashine iliyovunjika, mtu aliyekatwa kidole. Fedha mnayoitoa kwa kufundisha hamwitupi. Tena kijana wa Handeni aliyefundishwa karibu na kwao hana haja ya kusafirishwa kutoka mbali, wala kujengewa kambi, wala hatatoroka kwa kuwakumbuka wazazi wake.

Na kwenu wanafunzi tumalizie hivi. Wazee husema, achanikaye kwenye mpini hafi njaa. Neno hilo ni la kweli, lakini mpini wa siku hizi ni wa namna nyingi: jembe, panga, nyundo, chuma cha kuchomelea, hata kalamu. Msione haya kuushika wowote. Ila mnapoushika kwa mtu mwingine, mjifunze mpaka muweze kuushika kwenu wenyewe. Na siku mtakapokwenda kuandikishwa kazi, mzazi akiisha kuuliza shilingi ngapi, ninyi muulize lile swali la pili, kisha msubiri jibu kabla ya kutia sahihi.